Namna ya kupanga orodha ya wafalme wa Waingereza wa kale bila kukosea majina na miaka

Orodha nyingi za wafalme wa Uingereza huanzia kwa Egbert au Alfred, kisha hushuka moja kwa moja hadi William wa 1066, baba kwa mwana, kana kwamba nchi ilikuwa moja tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Kabla ya 927 palikuwa na wafalme wa Kent, wa Mercia, wa Northumbria, wa Wessex, wa Anglia Mashariki na wengine, na Essex ilipata kuwa na wafalme wawili au watatu kwa wakati mmoja. Ukitaka orodha inayosimama, iandae mwenyewe.

Chora jedwali la safu tano: jina, watu aliowatawala, mwaka wa kuanza, mwaka wa kuisha, na ushahidi. Safu ya tano usiiache tupu hata mara moja. Jina lisilo na ushahidi liandike kwa penseli.

Anza na majina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Ukoo mmoja ulipenda kurudia kipande kilekile cha mwanzo: *Æthel* ni utukufu wa nasaba, *Ead* ni neema au mali. Æthelwulf wa Wessex alifuatwa na wanawe Æthelbald, Æthelberht, Æthelred na Alfred, mmoja baada ya mwingine. Huyo Æthelred (865–871) si yule wa 978–1016, na Æthelberht huyo si yule wa Kent aliyempokea mmisionari Augustine kutoka Roma mwaka 597. Guthrum, kiongozi wa Wadenmarki aliyeshindwa na Alfred mwaka 878, alibatizwa kwa jina Æthelstan na akatoa sarafu kwa jina hilo. Ukiikuta sarafu yake usimpe mjukuu wa Alfred, aliyeitwa pia Æthelstan. Kwa hiyo kila jina lifuatane na watu wake: "Æthelberht, Kent".

Kuhusu herufi, msomaji wa Kiswahili ana nafuu. Þ na ð ni sauti za "thelathini" na "dhahabu", ila waandishi wa zamani walizitumia bila kuzitenganisha. Æ iko kati ya *a* na *e*. Unapotafuta jina, jaribu tahajia zote: Æthelred, Ethelred, Aethelred.

Sasa miaka. Kwa karne ya 7 mtegemee zaidi Bede, mtawa wa Jarrow aliyemaliza historia yake ya kanisa mwaka 731. Baada yake utategemea Tarihi ya Waanglo-Saksoni, yaani kumbukumbu za matukio mwaka kwa mwaka, iliyokusanywa wakati wa Alfred na kunakiliwa katika nyumba mbalimbali za watawa. Tarihi hii ina kasoro inayojulikana: kuanzia takriban 756 hadi 845, matukio yamewekwa nyuma kwa miaka miwili, pengine mitatu. Kifo cha Offa wa Mercia kimeandikwa chini ya 794; ni 796. Vita vya Ellendun, kati ya Wessex na Mercia, viko chini ya 823, ni 825. Uthibitisho umo ndani ya Tarihi yenyewe. Chini ya 827 inasema mwezi ulipatwa usiku wa Krismasi, na mwezi ulipatwa tarehe 25 Desemba 828. Hapo yapo mambo mawili pamoja: ile kasoro ya miaka miwili, na mwaka unaoanza Krismasi, hivyo kwao usiku ule ulikuwa tayari 829. Lakini angalia: matoleo mengi ya kisasa yameshasahihisha na kuweka mwaka wa asili kwenye mabano. Soma utangulizi kwanza, usije ukaongeza miwili juu ya miwili.

Pale mwaka unapobishaniwa, hesabu urefu wa utawala. Alfred alishika nchi baada ya Pasaka ya 871. Tarihi inasema alitawala miaka thelathini kasoro mwaka mmoja na nusu, na kwamba alikufa siku sita kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Miaka 28 na nusu kutoka majira yale inakufikisha Oktoba 899. Andika 26 Oktoba 899, hata kama nakala iliyo mbele yako imeweka 901.

Kabla ya 597, yaani kabla Augustine hajafika, punguza imani. Tarihi inasema Cerdic, anayehesabiwa kuwa babu wa wafalme wa Wessex, alitua mwaka 495 na merikebu tano, kisha Wasaksoni wa Magharibi, ndio watu wa Wessex, wanatua tena mahali palepale mwaka 514 na merikebu tatu. Tofauti ni miaka 19, sawasawa na mzunguko wa majedwali ya Pasaka ambamo kumbukumbu za aina hii ziliandikwa. Inaelekea ni habari moja iliyoandikwa mara mbili. Hii yote ni ya penseli, pamoja na nasaba zinazopanda hadi kwa mungu Woden.

Sarafu zitakusaidia kujua nani alitawala na wapi, si mwaka gani, kwa kuwa sarafu zao hazikuandikwa mwaka. Ipo moja tu ya kukutega: dinari ya dhahabu ya Offa iliyoko British Museum. Imeigwa kutoka dinari ya khalifa al-Mansur. Maneno ya Kiarabu yamenakiliwa na mtu asiyeyasoma, na OFFA REX imepenyezwa katikati ya mistari, kichwa chini. Ina mwaka 157 Hijria, yaani 773/774. Huo ni mwaka wa dinari ya asili, usiuandike kuwa mwaka wa Offa.

Safu ya "watu aliowatawala" ibadilike Æthelstan anapoitwaa York mwaka 927. Kuanzia hapo "Waingereza" inafaa. Cheo peke yake kisikushawishi. Hati ya 736, katika orodha yake ya mashahidi, inamwita Æthelbald wa Mercia mfalme wa Britania, ilhali Wessex na Northumbria zilikuwa na wafalme wao.

Æthelred wa pili mpe mistari miwili, 978–1013 na 1014–1016, na katikati yake Sweyn wa Denmark. Jina lake la utani, *Unræd*, maana yake ni "bila shauri", fumbo juu ya jina linalomaanisha "shauri tukufu". Wanaotafsiri "asiye tayari" wamekosea. Mwaka 1066 weka Edward hadi 5 Januari, Harold kuanzia siku ya pili yake hadi 14 Oktoba, kisha kijana Edgar, aliyechaguliwa London lakini hakutawazwa. Wengi humruka. Mwandikie mstari wake, na mbele ya Desemba 25 ndipo uandike William.