Jinsi ya kuandaa msimbo chanzo wa keneli kwenye Linux

Kabla hujapakua chochote, jiulize unautaka msimbo wa keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kwa kazi gani. Wengi wanaoutafuta wametumwa na draiva, yaani programu inayoendesha kifaa: kadi ya Wi-Fi haifanyi kazi, au programu ya kuendesha kompyuta pepe inagoma kuwaka, na maelekezo yanasema weka msimbo wa keneli kwanza. Ukiwa katika kundi hili, huhitaji msimbo wote. Unahitaji faili za heda tu, zinazoieleza draiva jinsi ya kuzungumza na keneli, pamoja na usanidi uliotumika kuijenga keneli hiyo. Msimbo kamili ni wa anayetaka kuibadilisha keneli yenyewe, kuipunguza, kusaka hitilafu ndani yake au kuisoma ilivyoandikwa.

Tuanze na heda. Jua kwanza keneli inayoendesha mashine yako sasa hivi:

uname -r

Kwenye Debian na Ubuntu andika:

sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)

Kwenye Fedora kifurushi ni kernel-devel-$(uname -r), na unakiweka kwa dnf. Arch hutumia linux-headers, ila kama unaendesha keneli ya linux-lts basi chukua linux-lts-headers. Kisha hakikisha:

ls -l /lib/modules/$(uname -r)/build

Hicho ni kiungo (kwenye Arch ni saraka yenyewe), na lazima kielekee kwenye saraka iliyopo kweli. Kikielekea pasipo kitu, mara nyingi sababu ni kwamba umesasisha mfumo bila kuwasha upya: heda ni za keneli mpya, nawe bado unatumia ya zamani. Washa upya kwanza, ndipo uendelee.

Toleo lisipolingana, draiva inaweza kujengwa vizuri kabisa halafu ikataliwe wakati wa kupakiwa, kwa ujumbe "Invalid module format". Ujumbe huo peke yake hausaidii. Fungua dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli, utaona mstari unaotaja "version magic" mara mbili: toleo ambalo moduli (kipande kinachopakiwa kwenye keneli, hapa ni hiyo draiva) ilijengewa, na toleo ambalo keneli ilitarajia. Linganisha herufi kwa herufi, hata kiambishi cha mwisho, kwa sababu 6.12.10 na 6.12.10-yangu ni keneli mbili tofauti.

Kama heda zimekutosha, kazi yako imekwisha. Anayetaka msimbo kamili aendelee.

Tenga nafasi ya diski, GB 25 hivi ili usikwame katikati. Kwenye Debian na Ubuntu weka zana hizi:

sudo apt install build-essential bc bison flex libssl-dev libelf-dev libncurses-dev

Chagua mahali pa kufanyia kazi ndani ya saraka yako ya nyumbani. Maelekezo mengi ya zamani yanakutuma /usr/src/linux, lakini maelezo yanayokuja na keneli yenyewe yanakataza kuitumia saraka hiyo. Pia huna sababu ya kujenga keneli ukiwa mtumiaji mkuu. Sudo inahitajika tu wakati wa kusakinisha. Njia ya saraka isiwe na nafasi wala nukta mbili (:), maana make, amri inayojenga keneli, itagoma. Usifungulie msimbo kwenye diski isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo: ndani yake kuna faili kama xt_DSCP.h na xt_dscp.h, na moja itaifuta nyingine bila kukuambia.

Sasa pakua kutoka kernel.org, tovuti rasmi ya keneli. Nitatumia 6.12.10 kama mfano. Wewe weka toleo lako.

wget https://cdn.kernel.org/pub/linux/kernel/v6.x/linux-6.12.10.tar.xz
wget https://cdn.kernel.org/pub/linux/kernel/v6.x/linux-6.12.10.tar.sign

Faili ya pili ni saini, na nakusihi usiiruke. Mwaka 2011 wavamizi waliingia kwenye seva za kernel.org zenyewe. Saini ndiyo inayokuhakikishia kwamba ulichopakua ni kile kile alichotia sahihi mtunzaji wa toleo, hata kama seva imeguswa. Ingiza kwa gpg, programu ya kukagua saini, funguo za umma za Linus Torvalds na Greg Kroah-Hartman, wanaotoa matoleo ya keneli, kwa kufuata ukurasa wa saini ulio kernel.org. Halafu:

xz -cd linux-6.12.10.tar.xz | gpg --verify linux-6.12.10.tar.sign -

Angalia vizuri amri hii. Saini ni ya faili ya tar iliyokwisha kufunguliwa, si ya xz, ndiyo maana xz inatangulia. Ukiikagua faili ya xz moja kwa moja utaambiwa saini ni mbaya hata kama kila kitu ni salama. Unachotafuta ni "Good signature". Onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa na mtu unayemwamini ni la kawaida. Lakini ukiona "BAD signature", futa faili na upakue upya.

Fungua kwa tar xf linux-6.12.10.tar.xz, ingia ndani, na uchukue usanidi wa keneli unayoitumia uwe msingi:

cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig

Amri ya pili inayajibu maswali yote mapya kwa jibu la kawaida. Usianze usanidi kutoka sifuri kama ni mara yako ya kwanza. Kuna maelfu ya vipengele, na kukosa kimoja cha diski kunatosha kuifanya mashine isiwake. Ukitaka kupunguza muda wa kujenga, make localmodconfig inabakiza moduli zilizopakiwa wakati huo tu. Chomeka kwanza printa, kamera na vifaa vyote vya USB unavyotumia, la sivyo vitaachwa nje.

Kwenye Ubuntu usanidi huo unataja vyeti ambavyo havimo kwenye msimbo wa kernel.org, na ujenzi utakatika ukilalamikia debian/canonical-certs.pem. Viondoe, na papo hapo ipe keneli yako jina la kuitambulisha:

scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
scripts/config --set-str LOCALVERSION "-yangu"

Kisha jenga kwa make -j$(nproc). Mashine itapata moto na feni zitapiga kelele, ni kawaida. Ikimaliza bila kosa:

sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install
sudo make install

Fuata mpangilio huo. Kwenye Debian, Ubuntu na Fedora hatua ya pili huunda initramfs (faili ndogo ya kuwashia mashine) kutokana na moduli zilizowekwa na ya kwanza, na keneli mpya ikaonekana kwenye menyu ya GRUB, programu ya kuchagua keneli mashine inapowaka. Arch inakuachia uyafanye hayo mwenyewe. Kile kipengele cha STRIP kinaondoa taarifa za utatuzi zinazoweza kuijaza /boot.

Kabla ya kuwasha upya, andika mokutil --sb-state. Kama Secure Boot, kinga inayokubali tu programu zilizotiwa saini wakati wa kuwasha mashine, imewashwa, keneli uliyoijenga haitakubaliwa mpaka uitie saini kwa ufunguo ulioandikishwa kwenye mashine, au uizime Secure Boot. Na keneli ya zamani iache ilipo: mpya ikigoma, unaichagua ya zamani kwenye GRUB na kurudi kazini.

Apt na dnf hazina habari na keneli uliyoiweka kwa njia hii. Siku ukiichoka, washa mashine kwa keneli nyingine, futa saraka yake chini ya /lib/modules na faili za jina hilo ndani ya /boot, halafu usasishe GRUB. Kwenye Debian unaweza kuepuka usumbufu huo kwa kujenga na make bindeb-pkg, inayotoa vifurushi vya .deb kwenye saraka ya juu. Hivyo unaviweka na kuviondoa kwa apt kama vingine.