Kabla hujamwokea mwenye mzio, na nyumbani kuna mbwa mdokozi

Kwanza ujue mtoto anadhurika na nini hasa. "Ana aleji" haitoshi. Muulize mamake, usimuulize shangazi: ni ngano, maziwa, mayai, karanga, korosho au ufuta? Hapa Malindi korosho haikosekani, na ufuta hakuna anayeukumbuka mpaka midomo ya mtoto ivimbe.

Unga wa mchele usiusage kinuni. Kinu kilichosaga ngano asubuhi ndicho kitakachosaga mchele wako jioni. Loweka mchele nyumbani, uutie kwenye blenda na tui zito. Wala usihangaike na pakiti za bei ghali za supamaketi: mkate wa sinia ni mchele, tui, sukari, iliki na hamira, na ngano haimo tangu zamani. Wako wanaotia ute wa yai, wewe acha.

Vyombo vioshwe kwa sabuni na maji. Sanitaiza inaua vijidudu lakini karanga inaiacha pale pale. Mwiko wa mbao uliokorogea kashata, weka kando kabisa.

Mbwa afungiwe nje kabla hujashika sufuria. Akilamba kopo la siagi ya karanga kisha akamlamba mtoto usoni, kazi yako yote ya jikoni imekwisha hapo.

Sasa hamira. Hapa nisikilize vizuri, maana watu wanajua chokoleti ni sumu kwa mbwa, lakini rojo la mkate hawalifikirii. Jirani yangu mmoja kule Muyeye alikuwa amuokee mpwa wake asiyekula ngano wala mayai. Akakoroga rojo la mkate wa sinia, akaliweka kibarazani liumuke, akalifunika kwa kitambaa. Kitambaa! Nyumba ina mbwa wa ulinzi, Bosco, ambaye alishawahi kufungua friji. Walipotoka nje sufuria ilikuwa nusu, na Bosco anapepesuka kama aliyetoka mangweni. Watoto wakacheka, wakubwa wakacheka, simu zikatolewa wampige picha.

Kicheko kilikatika tumbo lilipoanza kujaa. Likawa gumu, mbwa anajikamua kutapika na hakitoki kitu. Huyu anasema mpeni maziwa, yule anasema maji ya chumvi. Bahati nzuri kijana mmoja alikuwa na namba ya daktari wa mifugo, na daktari akawakataza yote mawili: msimpe kitu, msimtapishe, mleteni sasa hivi. Tumbo la mbwa lina joto, akawaeleza, kwa hiyo hamira inaendelea na kazi yake humo ndani. Hewa inalivimbisha tumbo, na pombe inayotengenezwa inaingia kwenye damu. Kwa hiyo kule kupepesuka kulikuwa ulevi kweli, na ulevi huo unaweza kumshusha mbwa sukari na joto la mwili mpaka afe. Bosco alilazwa na dripu, akapona. Nyumbani nako palizuka mzozo mwingine, kwani kuna mtu alitaka ile nusu iliyobaki iokwe. Bibi wa nyumba akaimwaga mwenyewe, na sufuria ikaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka.

Basi rojo liumukie ndani, juu ya kabati, mlango umefungwa. Joto letu hili linaliumua upesi, huna sababu ya kulipeleka nje.

Angalia pia unachotia badala ya ulichotoa, maana kinachomfaa mtoto mara nyingi ndicho kinachomuua mbwa. Umeacha chokoleti ya maziwa ukachukua nyeusi? Hiyo ni kali zaidi kwake, na kakao ya unga ni kali kuliko hiyo. Zabibu kavu zinaweza kumharibia figo. Makadamia humlegeza miguu ya nyuma. Na kama umetia sukari mbadala, soma pakiti: zailitoli, ambayo pengine huandikwa E967, inaweza kumshusha mbwa sukari ndani ya nusu saa, na ini likafuata. Biskuti moja si "kidogo tu".

Namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu kabla, si usiku wa manane ndipo unauliza majirani. Mtoto aliyeandikiwa sindano ya adrenalini aje nayo, na mtu mzima anayejua kuitumia awepo. Akivimba uso au akaanza kukoroma kifuani, achomwe kisha apelekwe hospitali hata akionekana nafuu. Takataka zitolewe mapema, karatasi za kuokea zikiwemo. Sinia la moto lisiwekwe chini. Makaa yazimwe kabla mbwa hajafunguliwa. Na mpira wa gesi usipite chini ya meza anapolala.