Mbwa wa huduma akizuiwa getini Nairobi: ubebe nini, useme nini

Kwanza tumalize hii stori ya kadi. Mtandaoni kuna watu wanauza vitambulisho vya mbwa wa huduma, yaani mbwa aliyefunzwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu, vya plastiki, viko na picha ya mbwa na namba ya usajili inakaa ya serikali kabisa, na unaambiwa ukishalipa hakuna mtu atakuzuia popote. Wacha hiyo pesa ikae mfukoni. Hata Marekani kwenyewe, sheria yao ya watu wenye ulemavu, ADA, haitambui hizo sajili wala haidai kadi au jaketi, mwenye duka anaruhusiwa maswali mawili tu kama haionekani wazi: huyu mbwa unamhitaji kwa sababu ya ulemavu? na amefunzwa kazi gani? Basi. Hakuulizi unaumwa nini. Lakini mbwa akileta fujo umeshindwa kumtuliza, ama ajisaidie ndani, anatolewa hata kama ana jaketi kumi.

Sasa hapa Nairobi usimtajie soja ADA, atakuangalia tu. Yetu ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma, kwa kiasi kinachofaa, na kupata vifaa vya kumsaidia. Halafu 27(5) inakataza mtu yeyote kubagua, si serikali pekee, kwa hivyo mwenye mkahawa na mwenye matatu wote wamo. Mbwa hajatajwa kwa jina, ndio maana ukianza kubishana ati mbwa wangu ana haki, umeshapoteza. Haki ni yako. Yeye ndiye njia yako ya kufika.

Kwa hivyo kadi ya maana ni yako wewe, ile ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, inaanza na tathmini hospitali ya serikali ndio usajiliwe. Ya mbwa beba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ambacho hakijapitwa na wakati, leseni ya kaunti, na barua ya waliomfunza. Weka picha za zote kwa simu. Pesa ya daktari wa mifugo ikikusumbua, ulizia chanjo za bure karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Getini ndio kuna kazi. Moli nyingi ziko na mbwa wa kunusa pale magari yanaingilia, hakuna mtu hushangaa, lakini wako akitokea kwa mlango wa watu ni "hapana, mbwa haruhusiwi." Pita mbali na huyo wa kunusa, wakikutana wote wawili wanasahau kazi. Kile kifaa cha kupima chuma nacho kitalia kikifika kwa vyuma vya hanesi, so mwambie soja mapema, "boss, hii italia, ni mshipi wake," na mbwa awe ameshazoeshwa hiyo sauti nyumbani. Halafu sema kazi, usiseme ugonjwa: "Mimi sioni, huyu ndiye ananiongoza, ananisimamisha kabla ya ngazi." Soja akikataa usimkaripie, yeye ameagizwa tu. Omba meneja aitwe, ngojea hapo hapo ukiwa mtulivu, na mbwa alale miguuni. Mbwa aliyelala kimya anakutetea kuliko karatasi yoyote.

Kwa matatu panda stage ya mwanzo kabla haijajaa, ongea na konda ukiwa chini, chukua kiti chenye nafasi ya miguu mbwa akae sakafuni. Teksi ya app, tuma meseji kabla dereva hajafika na ubebe shuka ya kutandika. Kuna dereva Mwislamu atakuambia shida yake ni mate ya mbwa, si wewe, na mkiongea vizuri shuka inamaliza hayo mambo.

Ukinyimwa kabisa, andika saa, mahali, jina la aliyekukataza ama namba ya gari, na uombe shahidi namba yake ya simu. Peleka malalamiko kwa hilo Baraza, ama Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ama Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Andika siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kusahau nani alisema nini.