Somo: Begi la shule, kuanzia mizani hadi mikanda

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, na wazazi wa hapa Moshi wakiniletea mtoto anayelalamika mgongo, swali la kwanza huwa ni kibiongo. Nilimalize hilo mapema: hakuna ushahidi kwamba begi zito humpa mtoto kibiongo au hupindisha uti wa mgongo wake kwa upande. Linachofanya unakiona barabarani kila asubuhi. Mzigo unamvuta nyuma, naye ili asianguke anainama mbele. Kichwa kinatangulia, shingo inakaza, mabega yanajikunja. Atembee hivyo kutoka Rau hadi shuleni, jioni arudi hivyo hivyo, shingo na kiuno vitauma tu. Mikanda ikiwa myembamba inabana mishipa iendayo mikononi, ndipo unasikia vidole vimekufa ganzi.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Mpagazi wa Kilimanjaro ni mtu mzima aliyeizoea kazi, na bado mzigo wake hupimwa getini, kikomo kilo 20. Wa darasa la tatu hapimwi na yeyote. Kama nyumbani hakuna mizani, nenda kwa wale vijana wanaopima watu uzito stendi. Panda peke yako, kisha panda umebeba begi. Tofauti ndiyo uzito wake. Mpime na mtoto.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri begi lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Mimi huwaambia wazazi washike 10, na 15 iwe ukuta. Mtoto wa kilo 24, basi, abebe kilo 2.4, likifika 3.6 hapo ndipo mwisho. Na ulipime begi lilivyorudi kutoka shule. Ukilipanga kwanza unajidanganya.

Hatua ya 2: Mwaga kila kitu mezani

Kazi kubwa iko hapa. Utakuta kaunta buku za kwaya nne, yale madaftari manene, moja kwa kila somo, zote zinasafiri kila siku kwa sababu mtoto anaogopa kuchapwa akisahau. Chukueni ratiba ya vipindi mkae nayo pamoja. Kesho hakuna Sayansi? Vitu vya Sayansi vilale nyumbani. Daftari lililojaa limestaafu. Muhula ukianza, nunua za kwaya mbili, nyembamba zaidi, pale mwalimu anaporuhusu. Likijaa utanunua lingine.

Maji nayo. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo kwa yule wa kilo 24 karibu nusu ya haki yake imeishia kwenye chupa. Shule ikiwa na maji salama, chupa iende tupu ijazwe huko. Hotpoti ya chakula iende kwenye kimfuko cha mkononi, abadilishe mkono njiani.

Chini kabisa kuna hazina: mawe, gololi, sweta la juzi lenye unyevu. Nimewahi kukuta parachichi tatu za zawadi ya mwalimu. Zawadi za namna hiyo mzazi apeleke mwenyewe.

Hatua ya 3: Vizito viegemee mgongo

Vitabu vikubwa vikae upande unaogusa mgongo, vyepesi nje.

Hatua ya 4: Mikanda

Miwili, mipana, yenye sponji, na yote ivaliwe. Mkanda mmoja begani humfanya mtoto alalie upande. Kaza mpaka begi ligande mgongoni, na chini lisishuke zaidi ya sentimita 10 chini ya kiuno. Begi la mtumba la soko la Memorial hapa Moshi mara nyingi lina mikanda imara kuliko jipya lenye katuni za kung'aa. Kama begi ni zima ila mikanda imechoka, fundi viatu atakushonea mingine. Ila usinunue kubwa eti akue nalo. Begi kubwa litajazwa.

Hatua ya 5: Kuvaa na kuvua

Begi liwekwe kwenye kiti, ageuke, avae. Ndani ya daladala alivue alipakate.

Hatua ya 6: Mtazame kwa ubavuni

Akiwa amelivaa, sikio, bega na nyonga viwe karibu mstari mmoja. Kichwa kikitangulia, rudini mezani.

Maswali ya wazazi na walimu

Mama wa Pasua: Shikamoo daktari. Begi la matairi je?

Marahaba mama, ingawa mimi ni wa fiziotherapia tu. Kwenye lami na sakafu ni zuri. Kwenye matope ya masika atalibeba, na lenyewe ni zito hata likiwa tupu.

Baba wa Uru: Mwanangu anarudi kwa kupanda mlima. Asilimia zibaki zile zile?

Mangi, mlima unamwinamisha zaidi. Shika 10, na apumzike njiani, begi akiliegemeza ukutani.

Mwalimu, Arusha: Kwetu hakuna makabati, vitabu lazima virudi.

Wanaokaa dawati moja wagawane: huyu abebe cha Hisabati, mwenzake cha Kiingereza, darasani wasome pamoja. Siku ya kazi ya nyumbani kila mmoja achukue chake.

Mama wa Njiro: Binti yangu ana miaka 12, bega moja liko juu hata bila begi.

Dada, mwambie ainame mbele, mikono ining'inie, wewe simama nyuma yake. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke akaonwe na daktari wa mifupa. Begi jepesi halitanyoosha hilo, na umri wa kurefuka haraka ndio wa kuwahi.

Bibi wa Kibosho: Mjukuu anaamka usiku kwa maumivu ya mgongo. Tumeshapunguza vitabu.

Shikamoo bibi. Maumivu ya begi hupungua likivuliwa. Yanayomwamsha usiku ni mengine, hasa kukiwa na homa, kukonda, miguu kulegea au kinundu katikati ya mgongo. Kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo, na kinatibika kikiwahiwa. Mpeleke hospitali wiki hii, msisubiri shule zifungwe.