Kuzuru magofu kwa gari la kulala: mimi, mwashi wangu na Kobe, kutoka Gedi hadi Takwa

Gari letu tunaliita Kobe kwa sababu linabeba nyumba yake na halina haraka. Lilikuwa nisani ya abiria 14, likapiga njia ya Malindi na Mombasa hadi mwenyewe akachoka nalo. Sisi tuling'oa viti, tukaweka kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake, mtungi mdogo wa gesi, madumu mawili ya maji ya lita 20, chandarua, na feni ndogo ya betri. Mume wangu ni mwashi, amejenga Malindi miaka 30. Mimi nilifundisha Kiswahili na historia shule ya msingi mpaka nikastaafu. Tumekaa na magofu mlangoni umri wetu wote na hatukuwa tumeyatazama sawasawa hata mara moja. Basi mwaka jana tukatoka siku tisa, na tangu turudi majirani hawaachi kuniuliza tulifanyaje. Nawaeleza hapa, pamoja na pale tulipoharibu.

Jambo la kwanza: pangeni safari kwa saa, si kwa kilomita. Mahali pa kale pana saa yake, na ukikosa saa hiyo umeona mawe tu. Gedi ni asubuhi. Nguzo ya Malindi ni jioni. Msikiti ni baina ya swala na swala. Barabara ya Lamu ni mchana mweupe, na Takwa, gofu la kisiwani Manda, inafuata maji ya bahari, haifuati mtu. Gari la kulala faida yake ni hii tu, kwamba unaweza kuisubiri saa ukiwa umejinyoosha na birika liko motoni.

Tulianzia Gedi, kilomita 16 kusini mwa Malindi, tukawa langoni lilipofunguliwa. Chukueni vitambulisho, kwa maana raia hulipa kidogo kuliko mgeni, na simu iwe na pesa, siku hizi malipo ni ya simu. Kisha fungeni madirisha yote ya gari. Nasema yote. Kima wa Gedi wamezoea watu, na sisi tuliacha kidirisha cha nyuma wazi kiasi cha kiganja ili nyumba ipate hewa. Tuliporudi mkate wa sinia niliouoka kwa safari nzima ulikuwa juu ya mti, unaliwa na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe bila wasiwasi.

Ndani ya magofu wengi hukimbilia msikiti mkuu na jumba la mfalme, wakapiga picha, wakatoka. Msifanye hivyo. Anzeni kwenye kaburi lenye tarehe, lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kwa sababu hapo ndipo unapopata mahali pa kusimamia: mji huu ulikuwa hai miaka mia moja kabla Mreno hajaonekana pwani hii. Mtaalamu James Kirkman alianza kuchimba hapa mwaka 1948, na nyumba nyingi zina majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama mkasi, bakuli la kauri, taa ya chuma. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Na bado ina fumbo lake: Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, na katika maandishi yao Gedi haitajwi. Nilimwambia mume wangu hilo, naye akanijibu kimwashi: "Labda hawakualikwa."

Yeye hasomi vibao, anasoma kuta. Na hapa ndipo nilipojifunza namna ya kutazama gofu, nikaona haya kwa miaka niliyowapitisha watoto wa shule hapa mbio mbio. Kwanza, tafuteni maji. Mtazame kisima kiko wapi, choo kiko wapi, mfereji unatoka upande gani, mtajua nani alikuwa na uwezo. Pili, tazameni lipu pale ilipobaki. Chokaa hii ni matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo, na lipu nzuri ina ulaini ambao saruji haiupati. Msiiguse! Mwashi wangu alikwishanyosha mkono, nikampiga kofi dogo la kiganja mbele ya mlinzi. Jasho la mikono elfu moja linafanya kazi ambayo mvua haikuifanya.

Tatu, pimeni chumba kwa hatua. Alitembea upana wa chumba cha kwanza: hatua zake nne ndogo. Cha pili, nne. Jumba la mfalme lenyewe, vyumba ni virefu lakini upana ni ule ule, kama mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Mimi nikadhani ni desturi au ni ubahili. Akacheka. "Mama Salma, huu si mtindo, hii ni boriti. Dari lilibebwa na miti ya mikoko, na boriti ya mkoko ikizidi urefu huo haistahimili uzito wa mawe na chokaa. Hata mfalme alilala ndani ya urefu wa mkoko." Tangu hapo tulipima kila mahali, na nawashauri mfanye hivyo. Ni mchezo wa watu wawili: mmoja anatembea, mwingine anaandika.

Mkitoka, karibu na lango kuna mradi wa Kipepeo, ambao tangu 1993 unawanunulia wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko Sokoke mabundo ya vipepeo, yaani viwavi vilivyojifunga kabla ya kuwa vipepeo. Nusu saa inatosha.

Kwa Malindi mjini, Kobe hana kazi. Liacheni gari pahali pamoja penye mlinzi mkapande tuktuk, kwa sababu vichochoro vya mji wa kale havikumjua nisani. Makaburi ya mnara kando ya msikiti wa Jumaa, pale ufukweni, yaoneni kama saa tatu asubuhi, na msiende Ijumaa mchana. Kanisa dogo la Wareno la makuti, ambapo Francis Xavier alipita mwaka 1542 akienda India, ni la dakika kumi kwa jengo na dakika ishirini kwa makaburi ya nje. Mama na dada wajitande mtandio popote penye msikiti. Hata mahali palipokuwa gofu, watu wanaoishi jirani wanapaona kuwa ni pa ibada.

Nguzo ya Vasco da Gama iacheni mpaka saa kumi na moja jioni. Bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na picha inatoka nyeusi. Jioni linatoka mgongoni mwako na nguzo nyeupe inang'aa juu ya maji. Da Gama alifika hapa Aprili 1498, akapokewa vizuri baada ya kuonana na shari Mombasa, akapewa rubani wa kumfikisha Kalikati, India. Msalaba wa juu ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno, na nguzo haikusimama rasini hapo mwanzo. Iliwekwa karibu na jumba la mfalme, ikahamishwa baadaye. Mwashi wangu aliizunguka mara moja akasema haina la kupima. Mimi niliipenda kwa upepo wake. Wengine huipa nguzo hii siku nzima kwa sababu ina jina kubwa; kwangu mimi jioni moja inaitosha, na ningeongeza saa hizo Mambrui.

Mambrui iko ng'ambo ya daraja la Sabaki, kaskazini. Kuna kaburi la mnara ambalo bakuli za kauri ya Kichina zilipachikwa ukutani kama vito. Simameni hapo mkumbuke kwamba mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walipeleka twiga hadi kwa mfalme wa China. Salimuni wazee kwanza, ombeni ruhusa, ndipo msogee. Sisi tuliomba, tukaketishwa barazani, tukapewa kahawa tungu na tende, na saa nzima ikapita kabla ya kuliona kaburi. Saa hiyo msiihesabu kuwa imepotea.

Sasa barabara. Kutoka Malindi hadi Mokowe, bandari ya bara ya kuvukia Lamu, ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Garsen na Witu. Siku moja kabla, piteni kituo cha polisi mkaulize hali ya njia na utaratibu wa siku hiyo, maana kuna vizuizi na mara nyingine magari husindikizwa. Jazeni tangi Malindi, pimeni upepo wa magurudumu hata la akiba, mtoke alfajiri baada ya swala. Pale katikati msilale, hata kama kuna mwembe wenye kivuli cha kukuita. Kabla na baada ya hapo, kulala ndani ya gari ni rahisi: ombeni kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, lipeni kidogo, mpate choo na maji.

Witu wapita njia huiona kama kituo cha kununua maembe, na hali ilikuwa makao ya sultani wa ukoo wa Nabahani aliyehama kisiwa cha Pate, na kuanzia 1885 hadi 1890 ikawa chini ya ulinzi wa Wajerumani. Tulinunua maembe. Kipini, kwenye mdomo wa mto Tana, hatukwenda, na hilo bado linaniuma: huko Ozi wenyeji huonyesha kaburi la Fumo Liyongo, yule shujaa aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Mwenye siku kumi na moja badala ya tisa aende.

Mokowe ndipo nyumba inapoachwa. Amu, yaani Lamu, ni kisiwa, na mji wake ni wa miguu na punda. Tafuteni maegesho yenye mlinzi, zimeni gesi, toeni waya wa betri, msiache chakula hata tonge. Pakieni mkoba mmoja kila mtu, kwa kuwa mtaubeba kichochoroni na punda hampishi mtu. Boti ya abiria inavuka chini ya nusu saa.

Mji wa kale wa Lamu uko katika Urithi wa Dunia tangu 2001, lakini mahali pa kuanzia si pwani kwenye picha. Anzeni ngomeni, iliyoanza kujengwa baada ya Waamu kuwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, ikamalizika 1821, ikaja kuwa jela mpaka miaka ya 1980. Jumba la makumbusho lililoko ufukweni lina siwa, ile pembe kubwa ya kupulizwa siku kuu. Halafu nendeni nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa. Ingieni polepole: daka (baraza ya mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), msana wa tini na msana wa yuu (kumbi ndefu, ya chini na ya juu), ndani, na nyuma kabisa nyumba kati, walikozalia wanawake na kuoshewa maiti. Mwashi wangu alivua viatu akatembea msana kwa msana. Hatua nne. Nne. Nne. Akanitazama kama mtoto aliyefaulu mtihani, na mwongozaji akadhani mzee ana wazimu mdogo.

Takwa, kisiwani Manda, ndiko tulikoharibu. Mji huo ulikaliwa karne ya 15 hadi ya 17, una msikiti wenye mnara juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683. Njia yake ni mkondo wa mikoko ambao maji yakipwa unabaki tope. Siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu, maji hujaa alasiri na asubuhi mkondo ni mkavu. Mkitaka kuingia mchana chagueni siku tatu nne kabla ya hapo, na saa mpewe na nahodha, si na hoteli. Nahodha wetu alitupa saa moja unusu. Lakini mwashi alikuwa na kuta za kupima. Nahodha akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili, mimi nami nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha mbuyu nikiandika namba zake badala ya kumvuta kanzu. Tulipofika, mashua ilikuwa imekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Tulingoja hapo mpaka saa tatu usiku kwa tende kumi na moja na chupa moja ya maji, na mbu wa mikoko hawana mfano. Nahodha tulimlipa mara mbili, bila kuombwa. Chukueni maji ya ziada, tochi, na mafuta ya mchaichai, hata kama mna hakika ya kurudi mapema.

Tuliporudi Mokowe Kobe alikuwa salama, ana vumbi na kinyesi cha kunguru. Nikawasha gesi nichemshe chai ya tangawizi. Mume wangu alipanda, akainama kwa sababu dari ni fupi, akapima upana wa nyumba yetu kwa miguu.

"Mbili na kisigino," akasema. "Andika."