Kukadiria dozi ya mionzi kwa jeni za damu

Fundi anayepiga eksirei viungo vya mabomba kule Kipevu, au kibarua wa skrepa Changamwe aliyefungua kasha zito asilolijua, huenda akafika hospitali bila kipimadozi. Kutapika peke yake hakutoshi kuamua, maana hofu nayo hutapisha. Lakini mionzi ikikata DNA, protini ya p53 huamsha jeni kadhaa katika chembe nyeupe za damu, na jeni iitwayo FDXR ni miongoni mwa zinazoitikia waziwazi zaidi. Jeni ikiamka hutoa nakala nyingi za RNA, na hizo ndizo tunazopima.

Andika saa aliyopata mionzi na saa unayotoa damu. Lengo letu hapa ni damu iliyotolewa saa 24 baada ya mionzi. Ya saa 6 isisomwe kwa mchoro wa kulinganishia dozi uliotengenezwa kwa damu ya saa 24, jibu litapotoka.

Toa kwanza damu kwenye tyubu ya heparini kwa ajili ya kutazama kromosomu, kisha ya EDTA (zote mbili ni dawa za kuzuia damu isigande) kwa kuhesabu limfosaiti, aina ya chembe nyeupe. Tyubu ya PAXgene, yenye dawa ya kuhifadhi RNA, iwe ya mwisho. Mkono uelekee chini, tyubu isimame wima chini ya mahali pa sindano, dawa iliyomo isirudi mshipani. Jaza 2.5 ml, damu ikipungua, uwiano wake na dawa huharibika. Pindua polepole mara 8 hadi 10, uiache wima angalau saa 2 kwenye nyuzi 18 hadi 25. Kwa joto la Mombasa hicho ni chumba chenye AC. Usiiache kwenye kaunta karibu na dirisha wala kwenye buti ya gari lililokwama Nyali. Kwenye chumba hicho itakaa siku 3, kwenye friji siku 5. Ukitaka kuigandisha, iweke kwenye rafu ya waya nyuzi -20 kwa saa 24, ndipo uishushe hadi -70. Rafu ya povu hupasua tyubu.

Toa RNA pamoja na hatua ya kuondoa DNA. Uwiano wa 260/280, kipimo cha usafi, uwe karibu na 2, na RIN, alama ya uzima wa RNA, isipungue 7. Pima kwa mashine ya PCR, inayoongeza nakala maradufu kila mzunguko: jeni yenye nakala nyingi huonekana mzunguko wa mapema. Kila sampuli itumie kiasi kilekile cha RNA, visima vitatu kwa kila jeni, na HPRT1 iwe jeni ya rejea, ya kulinganishia. Tuseme FDXR imeonekana mzunguko wa 27 na HPRT1 wa 20: tofauti 7. Kwa watu wasiopata mionzi tofauti ni 10. Pengo la 3 ni 2×2×2, yaani FDXR imepanda mara 8.

Mara 8 bado si dozi. Isome kwenye mchoro wa maabara yako: damu ya watu wenye afya iliyopigwa 0, 0.5, 1, 2, 3 na 4 Gy (grei, kizio cha dozi ya mionzi), ikakaa saa 24 kwenye nyuzi 37. Mchoro wa maabara nyingine haufai, kwa sababu kitendanishi kikibadilika mteremko nao hubadilika.

Uliza kuhusu malaria, homa na dawa za saratani, kwani zote huweza kugeuza jeni hizi au mchanganyiko wa chembe nyeupe. Pima DDB2 pia, jeni nyingine inayoamshwa na p53; FDXR ikipanda peke yake, itilie shaka.

Mtego mkubwa ni mionzi ya sehemu moja. Aliyeshika iridiamu, chuma chenye mionzi kinachotumika kupiga eksirei mabomba, kwa vidole anaweza kuungua vibaya huku damu ikionyesha dozi ndogo, kwa sababu chembe chache tu zilipigwa. Mtazame mikono.

Ripoti kiwango kati ya namba mbili. Anayekaribia au kuzidi 2 Gy apelekwe wodini, limfosaiti zihesabiwe tena na tena, na kromosomu zithibitishe baadaye. Kukuza tu chembe za kutazama kromosomu huchukua saa 48. Mwenye jeraha au anayevuja damu atibiwe kabla jibu lolote la jeni halijatoka.