Somo: Kuchagua distro ya Linux kwa kazi ya mifumo pachikwa

Ndugu wanachama, wengi wanaoanza kuandika programu za mifumo pachikwa, yaani zile zinazoishi ndani ya kifaa kama mita ya maji au king'amuzi, huuliza distro (mkusanyo wa Linux na programu zake) ipi ni bora kabla hawajajua kifaa chenyewe kitaendeshwa na nini. Laptopu yako ni karakana, na kifaa ndicho bidhaa inayotoka humo. Hatua zifuatazo zinahusu karakana.

Hatua ya kwanza ni kusoma nyaraka za mtengenezaji wa bodi, yaani sakiti ya kifaa, na kuona zana zake zimejaribiwa kwenye distro gani na toleo lipi. Mara nyingi utakuta Ubuntu LTS (toleo linalotunzwa kwa muda mrefu) au Debian, na hapo uamuzi umekaribia kwisha. Ubuntu LTS hutoka kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, na hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka 5, muda unaotosha kuanza mradi na kuumaliza bila kubadilisha karakana katikati ya kazi.

Hatua ya pili ni kulinganisha maktaba ya C (glibc), yaani msimbo wa pamoja ambao programu nyingi huutegemea, ya laptopu na ya kifaa, na hapa naomba tutulie kidogo. Niliwahi kuandika programu ya kupima kina cha maji ndani ya tangi, nikaikompaili (yaani kuigeuza kuwa lugha ya mashine) kwa zana za ARM, aina ya prosesa ya bodi, za Ubuntu 22.04, kisha nikavuka na pantoni hadi Kigamboni kuiweka kwenye bodi yenye Debian 11. Bodi ilikataa kwa mstari mmoja:

version `GLIBC_2.34' not found

Ubuntu hiyo ina glibc 2.35, na Debian 11 ina 2.31, iliyo chini ya 2.34 ambayo programu ilihitaji. Programu iliyojengwa kwa maktaba ya zamani kwa kawaida huendeshwa na maktaba mpya, lakini iliyojengwa kwa mpya huenda isiendeshwe kabisa na ya zamani. Kwa hiyo, ikiwa kifaa kinatumia Debian, jenga programu ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya laptopu) ya Debian ya toleo lile lile, hata kama laptopu yenyewe ina distro nyingine.

Hatua ya tatu ni kuhakikisha laptopu inazungumza na bodi. Kwenye Debian na Ubuntu, jiunge na kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia bandari za serial ambako waya ya bodi huchomekwa, kwa amri ya sudo usermod -aG dialout $USER, utoke na kuingia upya, kisha ufungue picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0, ukibadilisha kasi hiyo iwapo bodi yako inataka nyingine. Waya nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo zina chipu ya CH340, na kwenye Ubuntu 22.04 utaona ttyUSB0 ikitokea na kupotea papo hapo, kwa sababu brltty, programu inayowahudumia wasioona kwa vifaa vya Braille, huidhania waya hiyo kuwa kifaa chake. Kama huihitaji, iondoe kwa sudo apt remove brltty.

Hatua ya nne ni nafasi ya diski. Buildroot, zana ndogo ya kujijengea mfumo wa Linux wa kifaa, haihitaji nafasi kubwa, lakini Yocto, ambayo si distro bali ni zana ya kujijengea distro ya kifaa, kwa miaka kadhaa imetaka gigabaiti 90 zilizo wazi, na nyaraka zake za karibuni zinataka zaidi. Mwonekano wa dirisha na rangi za menyu chagua upendavyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tabata: Mwalimu, shikamoo. Laptopu yangu ni ya ofisi na ina Windows. Je, WSL, ile Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, itanitosha?

Jibu: Marahaba. Kwa kukompaili, WSL 2 inatosha, ila weka kazi yako ndani ya mfumo wa faili wa Linux wala si chini ya /mnt/c, ambako kusoma faili nyingi ndogo ni polepole mno. Bodi iliyochomekwa kwa USB haitaonekana yenyewe. Utahitaji programu ya usbipd-win ili kuipitisha hadi WSL.

Mwanachama wa Mbagala: Natumia bando la simu, na umeme hukatika mara kwa mara. Nithubutu kuanza Yocto?

Jibu: Anza na Buildroot, ndugu yangu. Ukilazimika kutumia Yocto, weka DL_DIR na SSTATE_DIR kwenye diski ya nje: ya kwanza hutunza vyanzo vilivyokwisha pakuliwa, ya pili hutunza kazi zilizokwisha kamilika, hivyo umeme ukirudi hutaanza upya. Ukimpata mwenzako mwenye DL_DIR ya toleo lile lile, nenda kwake na diski uinakili, nawe utaokoa bando kubwa.

Mwanachama wa Sinza: Nimezoea distro ya Arch. Ni lazima niiache?

Jibu: Si lazima. Kundi la bandari za serial huko huitwa uucp badala ya dialout, na kwa kuwa kompaila hubadilika kila unaposasisha, kazi ya kifaa ifanyie ndani ya kontena ya Debian kama nilivyoeleza katika hatua ya pili.